Mashine ya kuoshea vyombo inapoleta shida: dalili, vyanzo na hatua kwa nyumba za Mtwara na Lindi

Mashine ya kuoshea vyombo huuzwa kama kitu cha kuchomeka na kuanza kutumia. Ukweli ni kwamba aliyeiunda alitegemea nyumba yenye mambo matatu: waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, maji yenye msukumo, na bomba la maji machafu lililofungwa kwa kimo sahihi. Nyumba nyingi za ukanda wetu, kuanzia Shangani na Mikindani hadi Lindi mjini, zina mawili kati ya hayo. Lile linalokosekana ndilo chimbuko la dalili nyingi zilizoelezwa hapa, na ndiyo maana kununua mashine nyingine mara nyingi hakumalizi tatizo.

Dalili za kuzima mashine papo hapo zimetangulia. Zile zinazoweza kusubiri hadi kesho zimefuata.

Kabla ya kugusa chochote: zima swichi ya soketi ukutani, chomoa plagi, kisha funga koki ya maji ya mashine. Kitufe cha kwenye mashine yenyewe hakitoshi, kwa sababu kwenye mashine nyingi ukikibonyeza sehemu za ndani bado zina umeme. Kama plagi imefichwa nyuma ya kabati, shusha breka ya jikoni. Mikono iwe mikavu, na usisimame peku kwenye sakafu yenye maji.

Ukigusa mlango inachonyota au inapiga shoti

Usiizoee hali hii. Wapo wanaosema "inachonyota kidogo tu, vaa ndala," na wanaendelea hivyo miezi kadhaa.

Chanzo cha kwanza ni kukosekana kwa waya wa ardhi, ule ambao mafundi wanauita ethi. Ndani ya mashine kuna kichujio cha umeme chenye kapasita ndogo zilizounganishwa kati ya nyaya za umeme na bodi ya chuma. Ethi ikiwepo, umeme mdogo unaopita kwenye kapasita hizo hushuka ardhini na hakuna anayeusikia. Isipokuwepo, bodi nzima hubaki na volti zinazokaribia nusu ya umeme wa ukutani, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unachonyota tu.

Chanzo cha pili ni hita iliyotoboka au waya uliochunika na kugusa chuma. Hapa mkondo si mdogo, na unaua. Tatizo ni kwamba mkono wako hauwezi kutofautisha hali hizi mbili, na testa ya bisibisi itawaka katika zote mbili. Kwa hiyo hatua ni moja: chomoa, usitumie, ita fundi mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba kwa kipimo. Asiridhike kwa kuona tu kwamba kuna waya wa kijani na njano umefungwa kwenye soketi. Waya unaweza kuwepo na usifike popote. Hata ukifika kwenye fimbo iliyochimbiwa nje, mchanga wetu wa pwani ukikauka katika miezi ya kusi hupitisha umeme kwa shida sana, na fimbo fupi iliyokuwa sawa wakati wa mvua huwa kama haipo.

Mashine nyingi huja na plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo, ambayo ethi yake iko pembeni kama vibati viwili. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya pini tatu kwa adapta ya bei rahisi, au kwa kusukuma tundu la juu na kijiti, ethi haiunganiki kabisa. Mwambie fundi aikate, afunge plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13.

Plagi ni ya moto, soketi imebabuka, kuna harufu ya plastiki kuungua

Hita ya mashine hizi, pamoja na pampu, hula kati ya wati 1,800 na 2,200. Kwa volti 230 hiyo ni karibu ampea 9, tena kwa dakika nyingi mfululizo. Pasi nayo hula kama hivyo, lakini hujikata na kupumzika. Mashine hii haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo udhaifu wowote kwenye njia ya umeme hujitokeza kama joto.

Angalia kwa utaratibu huu. Je, imechomekwa kwenye ekstensheni? Itoe. Ekstensheni nyingi za dukani zina nyaya nyembamba zisizobeba mzigo huu, na ikiwa imekunjwa kama kamba joto halina pa kwenda. Je, imepitia kifaa cha kulinda friji? Soma maandishi nyuma yake: kama imeandikwa ampea 5, hicho ni cha friji peke yake na mashine itakichoma. Kinachofaa ni cha ampea 13 au zaidi. Je, soketi inalegea, plagi inacheza? Badilisha soketi. Hewa ya chumvi hufanya shaba iote ukungu wa kijani, mgusano unakuwa hafifu, na palipo na mgusano hafifu ndipo panapochemka. Soketi ya mashine iwe na waya wake kutoka kwenye breka, usiopungua milimita za mraba 2.5, bila kuchangia na oveni ya maikrowevu wala birika la umeme.

Harufu ikitoka ndani ya mashine, angalia kwanza kama kuna kifuniko cha plastiki au kijiko kilichoangukia kwenye hita. Mashine zenye hita iliyo wazi chini, kama bomba lililokunjwa, hupata hili mara kwa mara. Zenye hita iliyofichwa hazipati, hivyo kwao harufu ya kuungua karibu kila mara ni ya umeme. Mahali pa pili pa kuangalia ni paneli ya vitufe juu ya mlango: mvuke hupenya humo, na mende na mijusi hupapenda kwa sababu pana joto. Mjusi akikatiza kati ya njia mbili za umeme kwenye bodi, anakufa yeye na bodi inakwenda naye.

Ukiona moshi: zima kwenye meni swichi, usifungue mlango wa mashine, usimwage maji kabla umeme haujakatwa. Mlango uliofungwa huunyima moto hewa. Toa watu nje, piga 114 kwa Zimamoto. Kwa sababu hii hii, usiwashe mashine ukalala au ukatoka kwenda sokoni. Ile desturi ya kuiwasha saa sita usiku ni ya nchi ambako umeme wa usiku ni nafuu. LUKU haikupi nafuu hiyo.

Breka inajizima

Muda ambao breka inajizima ndio unaokuambia chanzo. Ikijizima mara tu unapochomeka plagi, kagua waya wa mashine, hasa pale unapoingilia nyuma, na ukague kama panya wameutafuna. Ikijizima dakika kadhaa baada ya maji kuingia, hapo hita ndiyo imeanza kazi, na hita ndiyo mshukiwa. Ikijizima wakati wa kutoa maji, tazama pampu ya kutolea.

Tofautisha pia breka yenyewe. Ile yenye kitufe kidogo cha "T" hujikata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Ikijizima, mtu wa nyumba ameepushwa na shoti. Usimruhusu fundi yeyote aiondoe "ili isisumbue." Bonyeza kitufe hicho mara moja kwa mwezi, kama breka haishuki, imekufa.

Nyumba iliyofungwa miezi mitatu au minne, mwenyewe yuko Dar, huwa na tatizo lake. Unga ulio ndani ya bomba la hita hufyonza unyevu wa hewa ya bahari, na mashine iliyokuwa nzima huanza kuangusha breka. Si lazima hita iwe imekufa. Fundi aitenganishe, aikaushe, kisha apime insulesheni yake kwa kipimo cha volti 500; ikiwa chini ya megaomu 1, ibadilishwe.

Povu linatoka mlangoni

Hili lina chanzo kimoja kikubwa: mtu ametia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, au Omo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kujaza jikoni. Sabuni ya mashine imeundwa isitoe povu. Povu likijaa, pampu huvuta hewa badala ya maji, na linalobaki hutoka kwenye mpira wa mlango na kushuka hadi kwenye trei ya chini yenye boya la usalama.

Zima, chomoa. Subiri dakika 15 hadi 20 ndani papoe. Nyunyiza nusu kikombe cha chumvi ya kawaida juu ya povu na mwagia maji baridi kidogo, litakatika. Choteni maji yaliyobaki kwa kikombe, pangusa, kisha endesha programu fupi ya kusuuza bila sabuni wala vyombo. Rudia hadi maji yatoke bila povu. Hiyo chumvi ni ya kuua povu tu; usichanganye na chumvi ya kilainisha maji (kifaa cha ndani ya mashine kinachoondoa chokaa kwenye maji), ambayo ina kisa chake hapo chini.

Povu dogo bila kosa hilo husababishwa na dawa ya kung'arisha iliyomwagika wakati wa kujaza, au na maji laini mno. Nyumba za Newala na uwanda wote wa Makonde zinazotumia maji ya mvua ziko kundi hili. Maji ya mvua hayana chokaa, kwa hiyo dozi nzima ya sabuni inakuwa nyingi. Weka kilainisha maji kwenye kiwango cha chini kabisa, tumia sabuni ya unga badala ya vidonge, na uanze na nusu ya dozi. Glasi zako pia zitadumu.

Maji sakafuni, au pampu inanguruma bila kukoma hata ikizimwa

Pampu isiyokoma ni dalili ya boya la chini: kuna maji kwenye trei ya chini, na mashine inajiokoa kwa kutoa kila kitu. Usiinamishe mashine ili kumwaga maji ukadhani umetengeneza. Boya litatulia, uvujaji utabaki, na siku nyingine maji yatakuta waya.

Anza na mpira wa kuingizia maji. Maji ya mgawo ndiyo adui wake mkubwa. Bomba linakaa kavu, halafu usiku maji yanarudi kwa kishindo pamoja na hewa na matope, na mpira uliochoka hupasuka wakati nyumba imelala. Tabia moja inamaliza hatari hii: funga koki ya mashine kila ukimaliza kuosha. Mpira wenyewe ubadilishwe kila baada ya miaka 5 hivi, au mara tu ukiona umevimba, umepasuka juujuu, au una meno ya panya. Kama mwisho wake una kiboksi kinene cha plastiki, usiukate kuufupisha wala kuuzamisha majini. Ndani yake mna vali ya umeme.

Kisha angalia mpira wa mlango, hasa kona za chini. Ukoko wa ugali na mafuta ya nazi hukusanyika pale na mlango haukazi vizuri. Osha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mashine iliyokaa mshazari nayo huvuja mlangoni; weka pima maji juu yake na urekebishe miguu.

Haijazi maji, au inasimama baada ya dakika chache na kutoa alama ya bomba

Hapa ndipo Simtank juu ya mnara inapoingia, na inafaa kupiga hesabu. Kwenye kibati cha mashine au kitabu chake utaona msukumo unaokubalika, kwa kawaida kati ya 0.03 au 0.05 na 1 MPa (megapaskali, kipimo cha msukumo). Kila mita 1 ya kimo cha maji hutoa karibu 0.01 MPa. Tuseme mnara wako una mita 3, na vali ya mashine iko nusu mita juu ya sakafu. Tangi likikaribia kuisha unabaki na mita 2.5, sawa na 0.025 MPa. Hiyo haitoshi mashine yoyote ya hizo. Likijaa, unaongeza mita moja au zaidi, na mashine inayokubali 0.03 inafanya kazi. Hii ndiyo siri ya mashine "inayofanya kazi siku nyingine na kugoma siku nyingine". Mafundi wamebadilisha vali nyingi nzima kwa sababu yake.

Pima kwa ndoo: fungua mpira kwenye koki, kinga maji. Ndoo ya lita 10 ijae ndani ya dakika 1. Ikichukua dakika 3, ama inua tangi ama funga pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Kabla ya kununua pampu, toa kichujio kidogo cha wavu kilicho ndani ya mpira pale unapofungwa, kwani mchanga na kutu ya mabomba huishia hapo. Kivute kwa koleo, kisuuze, kirudishe. Usiendeshe mashine bila kichujio hicho: punje moja ya mchanga ikikaa kwenye vali, vali haifungi, na maji yanaendelea kuingia hata mashine ikiwa imezimwa.

Maji yanaporudi baada ya mgawo wa MTUWASA au wa mamlaka ya Lindi, fungua kwanza bomba la sinki hadi yatoke meupe. Ndipo ufungue koki ya mashine.

Maji yanaingia na kutoka hapo hapo. Au hayatoki kabisa

Ukisikia maji yanaingia muda wote lakini ndani hamjai, tazama mpira wa kutolea. Umelazwa chini na kutokezwa nje kupitia tundu la ukutani, sivyo? Mwisho wa mpira ukiwa chini ya usawa wa maji ya mashine, maji hujivuta yenyewe nje. Hita inaweza kuwaka na maji machache, na unapoteza maji na yuniti za LUKU. Mpira upande juu angalau sentimita 40 kutoka sakafuni, usizidi mita 1, kisha ndipo ushuke. Mashine nyingi huja na kishikio cha plastiki chenye umbo la ndoano kwa kazi hiyo.

Usizamishe mwisho wa mpira ndani ya maji ya shimo wala kuuingiza kwa kina kwenye bomba la choo. Mvuto ukigeuka, maji machafu hurudi kwenye vyombo vya kulia.

Kama hayatoki: zima, chomoa, chota maji, toa trei ya chini, zungusha chujio kinyume cha mwendo wa saa na uliinue. Kwenye meza zetu utakuta mifupa na magamba ya samaki, nyuzi za nazi, punje za wali na ngozi za korosho. Vaa glovu nene, kwa sababu glasi iliyovunjika huteleza hadi kwenye kishimo hicho, na ndani ya maji machafu haionekani. Tumia koleo au kijiko, kamwe usipapase kwa vidole. Feni ndogo ya pampu iko chini ya kifuniko cha plastiki. Iguse kwa kijiti uone kama inazunguka. Huzunguka kwa kushtuka-shtuka kwa sababu ya sumaku, na hiyo si hitilafu. Chujio lisafishwe kila wiki. Mabaki yakombwe kwenye pipa kabla ya kupanga vyombo. Kusuuza chombo kizima bombani si lazima.

Umeme umekatika au LUKU imeisha katikati ya kazi

Mashine nyingi hukumbuka zilipoishia na huanza zenyewe umeme ukirudi. Kwa hiyo zima swichi ya ukutani kabla ya kufungua na kutoa kitu, maana mkono unaweza kuwa ndani umeme unaporudi. Vyombo vilivyokatishwa vina sabuni kali juu yake, hata kama vinaonekana safi. Visilishwe mtu. Endesha upya, au visuuze vyote kwa maji mengi.

Umeme ukiwa mdogo, kwa mfano volti 180, hita hutoa takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake, na programu ya saa 3 inaweza kuwa ndefu zaidi. Hiyo si hitilafu ya mashine. Kwa wenye sola: inveta ya wati 1,000 haitaweza hita hii, na usijaribu.

Kabla ya kuwasha, hakikisha una angalau yuniti 2. Programu ya kubana matumizi hutumia karibu yuniti 1 na lita 10 hivi za maji. Ile kali ya nyuzi 70 huenda hadi yuniti 1.5.

Mtu ameumia

Visu na uma hupangwa makali chini, au vilazwe trei ya juu. Mlango ulioachwa wazi ni kama ngazi iliyolazwa njiani kwenye jiko dogo: mtu hujikwaa, na kama visu vimesimama, anaangukia makali. Kuna watu waliokufa hivyo huko nje. Mtoto akipanda juu ya mlango, mashine isiyofungwa kwenye kabati inaweza kupinduka mbele na vyombo vyote. Bati za kuifunga huja na mashine. Mafundi wengi huziacha kwenye boksi.

Mvuke wa programu kali hubabua uso. Subiri dakika 15 kabla ya kufungua, na ufungue kwa kurudisha uso nyuma. Dada wa kazi aelekezwe haya mapema, kwa kuonyeshwa kwa vitendo.

Kilicho hatari kuliko vyote kwa mtoto mdogo ni sabuni. Vidonge vina rangi kama peremende, na sabuni ya mashine ni kali sana kuliko sabuni ya mkono; huunguza koo na macho. Iwekwe juu, ndani ya kabati lenye komeo. Itiwe kwenye kikasha muda ule ule wa kuwasha. Mtoto akila: toa mabaki mdomoni, msukutue au mpanguse mdomo, mpe maji funda chache kama anameza vizuri. Asitapishwe, maana kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mkimbize hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, pamoja na pakiti ya sabuni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali.

Usitie JIK kwenye mashine. Inakula chuma, na ikikutana na siki au dawa ya kuondoa chokaa hutoa gesi ya klorini ndani ya jiko lililofungwa.

Ukungu mweupe kwenye glasi, madoa ya kutu, sufuria nyeusi

Tone la siki kwenye glasi linakupa jibu. Weupe ukitoka ni chokaa. Usipotoka, glasi imelika na haitarudi.

Chokaa inatoka kwenye visima vyetu vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Dalili yake ni birika lenye magamba meupe na sabuni ya mche isiyotoa povu. Mashine ina kilainisha maji kinachohitaji chumvi maalumu ya punje kubwa. Hapa kuna kishawishi: chumvi ya mawe ya mashamba ya Kilwa na Lindi ni rahisi na ina punje kubwa vilevile. Isitumike. Ina mchanga, na ina magnesi na kalsi, yaani vitu vile vile ambavyo kilainisha kinajaribu kuviondoa. Chumvi ya unga ya mezani nayo huganda na kuziba. Mara ya kwanza tu, jaza tangi la chumvi kwa maji lita 1 hivi, kisha tia kilo 1 au zaidi kadiri kitabu kinavyosema, na uendeshe programu papo hapo ili chumvi iliyomwagika isitoboe bati la chini.

Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi ni jambo jingine. Kilainisha hubadilisha kalsi kwa sodiamu; kloridi hakiigusi. Hiyo hula chuma na kuacha vitundu vya kutu, na hakuna dawa ya kutia. Tumia maji ya mamlaka au ya mvua kwa mashine.

Sufuria za alumini zitakuwa nyeusi kwa sababu ya ukali wa sabuni. Zioshwe kwa mkono, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi, miko, vyungu, na vikombe vya bati vilivyobanduka.

Harufu ya uvundo

Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Ljubljana walichapisha matokeo ya kupima mipira ya milango ya mashine 189 kutoka nchi 18, na asilimia 62 zilikuwa na fangasi. Joto na unyevu wa Mtwara haviwezi kufanya hali iwe afadhali. Baada ya kuosha, acha mlango wazi kidogo, usilaze wote chini. Mara moja kwa mwezi weka kikombe cha siki, mililita 250, kimesimama trei ya juu, na uendeshe programu ya moto bila vyombo wala sabuni. Zaidi ya hapo siki huanza kula mipira.

Ukinunua ya mtumba

Soma kibati kwenye ukingo wa mlango kabla ya kulipa. Kikisema 120 V na 60 Hz, ni ya Marekani na haifai kwa umeme wetu. Mashine za Bosch, Siemens na Neff zina namba ya FD: chukua tarakimu 2 za kwanza, ongeza 20, na tarakimu 2 za mwisho za jibu ni mwaka wa kutengenezwa; mbili zinazofuata kwenye namba ni mwezi. FD 9205 ni 92 na 20, yaani 112, hivyo mwaka ni 12: Mei 2012. Baadhi ya mashine za kampuni hizo zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2005 ziliitwa kurekebishwa kwa sababu kifaa cha kwenye paneli kingeweza kupata moto, kwa hiyo ya miaka hiyo usiichukue. Kisha iwashwe mbele yako programu nzima yenye maji ya moto, kwa sababu hita inayovuja haijulikani mpaka iwake.